Jairo Orwa na Pushirodi Kumi na Mbili

Miaka ile dhahabu ilipolipuka Matongo, mwenye jembe alinunua sururu, mwenye ng'ombe aliuza ndama akanunua kamba, na asiye na kitu aliuza nguvu za mikono yake. Jairo Orwa aliuza masikio. Ndivyo alivyopenda kusema mkewe Dorka, na hakuwa mbali na ukweli. Injini ya mtu ikianza kukohoa, Jairo aliitwa, naye hakugusa spana kwanza. Alichukua bisibisi yake ndefu, akaegemeza ncha kwenye chuma cha injini, akaweka kipini sikioni, akafumba macho. Watu wote walinyamaza kama wako kanisani. Halafu alisema tu, "Silinda ya tatu." Ikifunguliwa, ni ya tatu kweli.

Alikuwa Mjaluo wa upande wa Gorong'a, umri miaka arobaini na minane, mrefu, mgongo umepinda kwa kuinamia boneti za malori tangu ujanani alipojifunza kazi katika karakana ya misheni. Meno yake sita ya chini yaling'olewa alipokuwa mtoto, kama ilivyokuwa desturi ya kwao, na Wakurya wa machimboni hawakumwacha apumzike.

"Fundi, yale meno ulimpa nani?"

"Nilimpa babu yenu. Akashindwa kuyatumia."

Wakacheka, akacheka. Mtu wa kabila jingine hakai Matongo miaka mitano bila kutaniwa, na Jairo aliujua utani huo kuwa ndicho kiti chake cha kukalia.

Lakini palikuwa na mtu mmoja ambaye Jairo hakuweza kutaniana naye, wala kumtazama machoni. Aliitwa Ryoba, kijana wa miaka kama thelathini, mabega mapana, mtoto pekee wa kiume wa mama mjane aitwaye Mokami. Ryoba alifanya kazi ya kuzungusha winchi kwenye duara, yaani shimo la dhahabu, la Mwikwabe, kupandisha ndoo za mawe na kushusha wenzake. Yeye mwenyewe hakushuka. Mkono wake wa kulia ulikuwa na ukanda mwembamba wa ngozi ya mbuzi, mweusi kwa jasho, na kila mtu Matongo alijua maana yake. Shimo lilikuwa limemkataa Ryoba.

Ilikuwa hivi. Miaka miwili kabla ya haya ninayosimulia, duara la Mwikwabe lilikuwa na injini ndogo ya petroli. Injini ilizungusha dainamo kwa mkanda, dainamo ikatoa umeme, umeme ukaendesha pampu iliyokaa chini kabisa ya shimo, maana duara lile lilikuwa na maji ya kutoka ubavuni, maji yasiyochoka. Pampu ikisimama kwa dakika kumi, wachimbaji wanavuliwa viatu na maji. Ikisimama nusu saa, wanavuliwa roho. Siku ya kumi na sita baada ya Jairo kuifanyia injini hiyo matengenezo makubwa, ilizimika ghafla mchana kweupe, na chini alikuwamo Ryoba peke yake, kwenye tundu la pembeni. Walimvuta kwa kamba akiwa hana pumzi. Wakamlaza kifudifudi, wakamkamua maji kama nguo, hata akakohoa.

Jairo alifungua injini akiwa peke yake. Alikuta valvu moja imekatika shingo. Alipoiangalia roka iliyokuwa ikiisukuma akaona jambo jingine, akaketi chini.

Hapa inafaa nieleze kidogo, maana bila kulielewa hili huwezi kumwelewa Jairo. Ndani ya injini za namna ile kuna fimbo za chuma zinazoitwa pushirodi, nyembamba kama kalamu, urefu wake shubiri moja na ushee. Chini, kamshafti, mhimili wenye matumbo, inazunguka na kuinua pushirodi. Juu, pushirodi inasukuma roka. Roka nayo ni kama ubao wa pembea: upande huu ukipanda, upande ule unashuka na kukandamiza valvu ifunguke. Kila roka inakaa juu ya stadi yake, skrubu nene iliyosimama wima, ikashikiliwa na nati. Sasa, pushirodi ikiwa fupi, fundi anaweza kuikaza nati mpaka mwisho wa hesi zake, na ile nafasi ndogo kati ya roka na valvu ikawa sawasawa kabisa. Injini itawaka na kuimba vizuri. Lakini roka itakuwa imekaa chini mno, na badala ya kuikandamiza valvu katikati ya ncha yake, itaikandamiza pembeni. Kila mara inaisukuma kidogo upande. Inaisukuma kidogo mara maelfu kwa saa, siku baada ya siku, hadi valvu inachoka na kukatika.

Ndivyo Jairo alivyofanya. Alijua pushirodi zile ni fupi kidogo, lakini Mwikwabe alikuwa na haraka, na Jairo alikuwa na masikio yaliyosifiwa mno. Akakaza nati, akasikiliza kwa bisibisi, akasema, "Iko safi."

Alipotoka na ile valvu mkononi aliwaambia watu, "Valvu imekatika." Ulikuwa ukweli, ila nusu. Wazee wakauliza, "Kwa nini ikatike siku ambayo Ryoba yuko peke yake?" Jairo angeweza kujibu hapo hapo. Alifungua kinywa, akaona watu walivyomzunguka, akaona sururu mikononi mwao, akaona yeye ni Mjaluo mmoja kati yao. Akafunga kinywa. Wazee wakajijibu wenyewe kwamba shimo halimtaki kijana yule. Mokami akatoa mbuzi mweupe, akachinjwa mdomoni mwa shimo, nyama ikaliwa na wote waliokuwapo, na ukanda wa ngozi ukafungwa mkononi mwa Ryoba. Alipona. Ila tangu siku hiyo hakuna kundi hata moja, kwa Mwikwabe wala kwa majirani, lililokubali kushuka shimo moja naye. Mtu aliyekataliwa na shimo anaweza kuwaponza wenzake.

Jairo naye alipewa kipande cha nyama siku ile. Alikula.

Dorka ndiye pekee aliyejua. Alikuwa amemwambia mara moja, wakiwa shambani, naye Dorka hakumkaripia. Alisema tu, "Baba Vivian, jiwe hilo utalibeba mpaka lini?" Kisha akaendelea kupalilia.

Mwaka wa tisini na nne duara la Mwikwabe lilikuwa limefika kina ambacho pampu ndogo haikukiweza tena. Mwikwabe, ambaye alikuwa mwenyekiti wa duara na mtu wa kufanya mambo kwa mkupuo, alipata injini ya lori la zamani, silinda sita, kubwa kama ndama aliyelala. Akataka iongezwe nguvu, maana sasa ingezungusha dainamo kubwa na pampu mbili. Kamshafti yake ilipelekwa kuchongwa upya ili iinue valvu juu zaidi. Zikanunuliwa springi ngumu. Hedi, yaani kichwa cha injini, iliyokuwa imepinda kidogo kwa joto, ikapelekwa mjini Tarime ikakwanguliwa mpaka ikanyooka. Vitu vyote vilirudi Matongo vimefungwa kwenye magunia, na pushirodi kumi na mbili za injini ile zimefungwa kwa mpira wa baiskeli kama kuni.

Jairo alizishika pushirodi hizo, akazigeuzageuza.

"Sasa unaziagua?" Mwikwabe alimuuliza. "Funga, tuwashe. Maji yanaishinda ile pampu ndogo, yanapanda futi moja kila siku."

"Lazima nipime urefu kwanza."

"Urefu wa nini? Hizo ni zake. Zimekuja nayo."

"Zilikuwa zake, mwenyekiti. Kamshafti imechongwa, kwa hiyo tumbo lake limepungua na pushirodi itakaa chini zaidi. Hedi nayo imekwanguliwa, kwa hiyo imeshuka. Huku tumepunguza, na huku tumepunguza, lakini si kiasi kimoja. Jicho haliwezi kujua. Nahitaji siku tatu. Labda nne, kama itabidi tutafute nyingine."

Mwikwabe akawatazama watu waliokuwa wamekaa juu ya lundo la mawe, kana kwamba anawaita wawe mashahidi. "Mke akija na vyungu vyake, unamrudisha sokoni akanunue vingine?"

"Kama havikai kwenye mafiga ya nyumba hii, ndiyo."

Watu wakacheka. Mwikwabe hakucheka. "Fundi, mimi si mtoto. Najua kuna nati pale juu. Ikiwa fupi, kaza. Si ndivyo ulivyofanya kwa ile ndogo? Mbona iliimba kama kwaya?"

Ryoba alikuwa palepale, hatua tano, anapaka grisi winchi yake. Hakuinua kichwa.

Jairo aliweka pushirodi chini, moja moja, kwenye gunia. Baadaye alimwambia Dorka kwamba hakuwa amepanga kusema. Alikuwa akitafuta jibu jingine, na majibu mengine yote yalikuwa yamekwisha.

"Ndivyo nilivyofanya," alisema. "Ndiyo maana ilikufa."

"Unasemaje?"

"Pushirodi za ile injini zilikuwa fupi, na mimi nilijua. Nikakaza nati ili nimalize haraka. Valvu ikawa inasukumwa upande, ikakatika. Shimo halikufanya kitu. Ni mimi."

Hakuna aliyecheka sasa. Mtu mmoja alishuka kutoka juu ya lundo la mawe, jiwe likabingirika, sauti yake ikasikika yote hadi liliposimama. Ryoba alifuta grisi kwenye suruali, kiganja hiki, kisha kile. Akaja.

"Shikamoo, fundi," alisema, kama vile ndiyo kwanza wanaonana siku hiyo.

"Marahaba."

"Kwa hiyo shimo halikunikataa."

"Shimo halijui hata jina lako, mwanangu."

Ryoba akatazama ukanda wa mkononi. "Yule mbuzi ulimla?"

"Nilimla."

"Sehemu gani?"

"Ubavu."

"Ulipita kooni?"

"Haukupita vizuri."

"Ulipita. Mimi nilikuwa nimelala pale, sina nguvu, lakini nilikuona. Ulirudia."

Mtu mmoja nyuma alishindwa kujizuia, akaguna kicheko, na kile kicheko kidogo kikapasua kitu. Mwikwabe akashika kiuno. "Sasa mura, kijana wangu, unataka tumfanye nini? Useme wewe. Aliyekunywa maji ni wewe."

Ryoba alifikiri. "Apime," alisema. "Achukue siku tatu, achukue kumi. Akimaliza, wa kwanza kuzama shimoni ni mimi. Na kamba ataishika yeye." Akamgeukia Jairo. "Lakini kwa mama utakwenda mwenyewe. Hilo siwezi kukusaidia."

Jairo alikwenda alasiri ileile. Alimkuta Mokami uani anapepeta ulezi, mwanamke mwenye miaka sitini na mikono isiyopumzika. Jairo akaamkia, akakataa kigoda, akasema yote akiwa amesimama. Ungo haukusimama. Ulezi uliruka, ukatua, makapi yakaondoka na upepo.

"Miaka miwili," alisema Mokami mwishowe. "Miaka miwili naomba msamaha kwa waliokufa, najiuliza tuliwakosea wapi. Kumbe ni fimbo."

"Ndiyo, mama."

"Ilipungua kiasi gani?"

Jairo akaonyesha kwa kidole gumba na cha shahada. Pengo kati ya vidole lilikuwa dogo kuliko punje mbili za mahindi zilizolaliana.

"Kiasi hicho?"

"Kiasi hicho."

Mokami aliweka ungo chini. "Mwanangu ameketi juu ya shimo miaka miwili, wenzake wanashuka na kupanda, binti aliyekuwa amchumbie ameolewa Nyamwaga. Kwa kiasi hicho." Alitazama vidole vya Jairo hadi Jairo akaona aibu kuviweka hewani, akavikunja. "Sikwambii nimekusamehe. Nenda kapime kwanza."

Akaenda akapima.

Namna yake ya kupima alifundishwa katika karakana ya misheni, akawa ameiacha kwa sababu ya uvivu wa mtu anayesifiwa. Alichukua pushirodi moja iliyozeeka, akaikata katikati kwa msumeno wa chuma. Ndani yake ilikuwa na tundu, kwa hiyo akachonga hesi pande zote mbili, akaziunganisha kwa skrubu ndefu. Sasa alikuwa na pushirodi inayoweza kurefuka na kufupika kwa kuizungusha. Kisha akamwomba Dorka sufuria yake nyeusi kuliko zote. Akakwangua masizi ya nyuma, akayachanganya na tone la oili, akapaka ncha ya valvu ikawa nyeusi tii. Akafunga roka.

"Zungusha," alimwambia Ryoba, maana Ryoba alikuwa amekataa kuondoka hapo.

Ryoba alizungusha injini kwa spana kubwa, polepole, mizunguko miwili kamili, kisha mingine miwili. Jairo akafungua roka. Pale roka ilipokuwa imeteleza juu ya ncha ya valvu, masizi yalikuwa yamefutika na chuma kimeng'aa.

"Unaona nini?"

"Mstari."

"Uko wapi?"

Ryoba akainama mpaka pua ikagusa hedi. "Pembeni. Upande wa hii skrubu."

"Na ni mpana?"

"Mpana kiasi."

"Hapo nimeweka urefu wa zile zilizokuja nayo." Jairo akaelekeza kwa ukucha. Ryoba alitazama ule mstari muda mrefu, mstari uliolamba ukingo wa chuma. Ndio aliokuwa amevaa mkononi miaka miwili.

Wakarefusha mzunguko mmoja wa skrubu, wakapaka masizi tena, wakazungusha tena. Mstari ukasogea kuelekea kati. Wakarefusha tena. Walifanya hivyo asubuhi nzima, mikono ikawa kama ya wachoma mkaa. Mara moja Jairo alirefusha mno, na mstari ukapita katikati ukaenda kulamba ukingo wa pili. Ryoba ndiye aliyeuona kwanza. "Umezidisha, fundi." Wakarudisha nusu mzunguko, na hapo mstari ukaja katikati ya ncha, mwembamba kama uzi. Jairo aliizungusha injini mwenyewe mara nne zaidi, akapima kwenye valvu nyingine mbili, mbele na nyuma. Ulikuwa uleule.

Akakaza nati ndogo ya kufungia, akaitoa ile pushirodi ya kupimia, akaiweka sambamba na zile kumi na mbili. Zote zilikuwa fupi kwa milimita tatu na ushee.

"Nani anazo za urefu huu?" Mwikwabe aliuliza. Siku mbili hizo alikuwa hazungumzi sana.

"Migori," alisema Dorka, ambaye alikuwa amekuja kudai sufuria yake. "Otieno, binamu wa mume wangu, anauza vyuma chakavu. Kesho nakwenda kuchukua samaki hata hivyo."

Pushirodi ya kupimia ilisafiri ndani ya kapu la Dorka, imefungwa kwa khanga. Pale Sirari askari wa mpakani aliipapasa kupitia kitambaa, akauliza ni nini.

"Ni fimbo ya kumpimia mume wangu akili," alisema Dorka. "Ilikuwa fupi."

Askari akampitisha.

Siku ile na iliyofuata Jairo hakula kitu cha maana. Maji yalipanda futi mbili. Mwikwabe alikuwa akienda mdomoni mwa shimo, anatupa jiwe, anasikiliza linavyotumbukia, anarudi. Watu wa maduara ya jirani walipita kuuliza kama ni kweli kwamba wanaume wazima wanasubiri mwanamke alete vijiti kutoka Kenya. Ryoba aliwajibu kwamba ni kweli, na kama wana haraka wanaweza kuruka ndani.

Dorka alirudi alasiri ya siku ya pili akinuka samaki. Otieno alikuwa ametembeza ile ya kupimia kwenye lundo baada ya lundo, mpaka akapata seti iliyotoka kwenye injini ya aina nyingine kabisa, yenye ncha za namna ileile. Alimpa kumi na tatu, maana alijua tabia ya vyuma chakavu. Jairo aliweka kioo cha dirisha juu ya meza, akaziviringisha moja moja huku jicho likiwa usawa wa kioo. Kumi na mbili ziliviringika kimya. Moja ilikuwa inachechemea. Akaiweka kando.

Akazifunga. Na safari hii hakuamini moja kwa niaba ya nyingine. Alipaka masizi kwenye valvu zote kumi na mbili, na Ryoba akazungusha, na wakaitazama mistari yote kumi na miwili. Mwikwabe aliitwa aione. Aliinama, akaangalia wa kwanza, wa pili, mpaka wa mwisho.

"Iko kama watoto wa shule kwenye foleni," alisema.

"Ndiyo, mwenyekiti."

"Na ile ya zamani ilikuwaje?"

Ryoba alimwonyesha Mwikwabe ukingo wa ncha ya valvu kwa ukucha. Mwikwabe akanyoosha mgongo, akavuta pumzi, akasema, "Washeni basi."

Iliwaka mara ya tatu. Ilinguruma ovyo kwanza, kisha ikatulia, na Jairo akachukua bisibisi yake ndefu. Alizunguka injini nzima, valvu baada ya valvu. Alisikia mgongano mdogo wa chuma kwa chuma, tk, tk, tk, kila mahali kwa kipimo kimoja. Ile injini ndogo ilikuwa kimya hapo, nyororo mno, na yeye akausifu ule unyororo. Sasa alikumbuka mwalimu wake wa karakana alivyokuwa akisema kwamba injini yenye afya inanong'ona. Akamwekea Ryoba kipini sikioni naye asikie.

Pampu zilinyonya maji siku mbili. Siku ya tatu asubuhi sakafu ya shimo ilionekana kwa tochi, matope matupu.

Watu walikuja wengi kuliko kazi iliyokuwapo. Mokami alikuja pia, akasimama mbali kidogo, kwa sababu wachimbaji hawakupenda mwanamke asogee mdomoni mwa shimo, lakini alisimama mahali ambapo angemwona Jairo vizuri. Ryoba alijifunga kamba kiunoni, akamkabidhi Jairo ncha nyingine.

"Mara mbili, niko salama," alisema. "Mara tatu, nivute."

"Najua."

"Najua unajua. Nakukumbusha tu, wewe mtu wa kusahau kusema."

Akashuka. Winchi ilizungushwa na mtu mwingine, na kamba ya Jairo ilipita viganjani mwake futi baada ya futi, ikamkwaruza, naye hakuilegeza. Kichwa cha Ryoba kikawa kofia, kofia ikawa nukta, nukta ikapotea. Nyuma yao injini ilinong'ona. Jairo hakuisikiliza. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake masikio yake yote yalikuwa kwenye viganja.

Kamba ikasimama. Palepale ikakaa. Mtu akakohoa. Jairo alihisi jasho linatambaa kutoka kwapani hadi kiunoni.

Kamba ikavutwa mara moja. Halafu mara ya pili.

Alisubiri ya tatu, akiwa amefunga macho, na ya tatu haikuja.

"Mara mbili," alisema, kwa sauti ndogo hata ikabidi Mwikwabe airudie kwa wengine. Jairo akaketi juu ya lundo la mawe na kamba bado mikononi, akawa anapumua kama mtu aliyetua gunia la mahindi baada ya mlima.

Baada ya saa moja ndoo ya kwanza ilipanda. Ilikuwa na mawe, na juu ya mawe, umefungwa fundo, ulikuwapo ukanda wa ngozi ya mbuzi. Mwikwabe aliuchukua kwa vidole viwili, akaupeleka kwa Mokami. Mokami aliuangalia, akautia ndani ya fundo la khanga, akashika njia ya nyumbani.

Ryoba alizama shimoni kila siku tangu hapo. Siku ya kumi na sita, sawa na ile ambayo injini ndogo ilizimika, Jairo alifika kabla ya wote, akafungua mfuniko wa roka injini ikiwa baridi. Masizi yalikuwa yamekwisha siku nyingi, lakini chuma kilikuwa kimejichora chenyewe: mistari kumi na miwili, myembamba, katikati. Akafunga mfuniko. Aliketi kwenye kivuli cha kibanda cha dainamo, na injini ilipowashwa akasinzia palepale, mdomo wazi, wakati wa kazi, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya. Walimwacha alale.

Siku ya kumi na saba Mokami alimtuma mtu amwite yeye na Dorka nyumbani. Uani palikuwa na moto, na mbuzi amekwisha chinjwa. Ryoba alikuwa anageuza nyama, Mwikwabe anatoa maelekezo ambayo hakuna aliyeyafuata.

"Shikamoo, mama," Jairo alisema. "Huyu naye ni wa nini?"

"Wa kula," alisema Mokami. "Mara ile tulichinja kwa ajili ya shimo. Leo tumechinja kwa sababu tuna njaa." Akaweka ubavu mzima kwenye sahani ya bati, akamkabidhi kwa mikono miwili. "Nilingoja zipite zile siku kumi na sita zako. Sasa kaa kwenye kigoda. Siku ile ulikikataa."

Jairo akakaa.

"Na ule taratibu," Mokami aliongeza, "hayo meno uliyobakiza yasije yakakatika, ukasema ni pushirodi."

Dorka ndiye aliyeanza kucheka. Ryoba akauliza kwa sauti kutoka motoni kama safari hii ubavu unapita kooni. Jairo alikuwa amejaza mdomo, hakuweza kujibu, kwa hiyo alinyoosha mkono na kuonyesha vidole viwili.